Kabla ya Sindano ya Ganzi, Tazama Miguu

Daktari wa meno hana desturi ya kumwomba mgonjwa avue viatu. Mgonjwa anaketi, kiti kinalazwa, taa inashushwa, na mazungumzo yote yanahusu kinachoonekana mdomoni: gego lililotoboka, fizi zinazotoa damu, shavu lililovimba usiku kucha. Lakini katika kila watu milioni moja au mbili yupo mmoja ambaye usalama wake kwenye kiti hicho unategemea kilichomo ndani ya kiatu. Vidole gumba vya miguu yake ni vifupi na vimepinda kuelekea vidole vya jirani, na alizaliwa navyo hivyo. Daktari asipoviona, akachoma sindano ya ganzi ya taya la chini kama anavyoichoma kila siku, mgonjwa huyo anaweza kushindwa kufungua mdomo kwa maisha yake yote.

Ugonjwa wenyewe unaitwa fibrodisplasia osifikansi progresiva. Jina ni refu, kwa hiyo wagonjwa na madaktari wao husema FOP, nami nitawafuata. Kiini chake kilijulikana mwaka 2006, pale kikosi cha Chuo Kikuu cha Pennsylvania nchini Marekani, chini ya Frederick Kaplan na Eileen Shore, kilipotangaza kwamba karibu wagonjwa wote wana kosa lile lile katika jeni iitwayo ACVR1. Herufi moja tu ya DNA imebadilika. Mara nyingi baba na mama hawana kosa hilo. Huzuka upya kwa mtoto, ndiyo maana katika ukoo hakuna babu wala shangazi wa kusema aliwahi kuliona jambo kama hili. Likishazuka, kila mtoto atakayezaliwa na mtu huyo ana nafasi ya nusu kwa nusu ya kulirithi.

Jeni hiyo hutengeneza kipokezi kinachokaa kwenye utando wa seli na kungoja amri ya kujenga mfupa. Kwa mtu asiye na FOP, kipokezi hutulia mpaka amri ifike. Mwenye FOP ana kipokezi kinachosikia amri isiyokuwapo. Mwaka 2015 watafiti walionyesha, kwa majaribio ya seli na ya panya, kwamba protini iitwayo aktivini A, ambayo huongezeka penye jeraha na ambayo kwa kawaida haina habari na ujenzi wa mifupa, husomwa na kipokezi hiki kibovu kana kwamba ni amri halali. Basi msuli uliochubuka, badala ya kurudishiwa nyama yake, hujengewa mfupa. Ni fundi aliyeitwa kushona nguo iliyochanika, akaja na saruji. Na mfupa huo si chokaa iliyoganda: ni mfupa kamili, wenye uboho na mishipa ya damu, ila umeota pasipo pake. Ukishavuka kiungo, kiungo hicho hakikunjiki tena.

Kwa kawaida mambo huanza utotoni, shingoni na mgongoni, kwa uvimbe wa ghafla unaouma, kisha hushuka mabegani, viwikoni, nyongani na magotini. Mwili una misuli michache inayosalimika: ya moyo, ya macho, kiwambo cha kupumulia, na ulimi. Mpangilio huo una ukatili wake kwa anayeshughulika na kinywa. Meno ya mwenye FOP ni mazima kama ya mtu mwingine yeyote, na ulimi wake uko huru mpaka mwisho. Kinachofungwa ni misuli ya kutafuna inayoliendesha taya.

Katika jumba la makumbusho la Mütter mjini Philadelphia kimewekwa kiunzi cha mifupa cha Harry Eastlack, aliyezaliwa mwaka 1933 na kufariki kwa nimonia mwezi Novemba 1973, siku chache kabla ya kutimiza miaka 40. Aliomba mwenyewe mwili wake upewe wanasayansi. Viunzi vingine hufungwa kwa nyaya ili visimame, kwa kuwa mifupa ya kawaida huachana nyama ikiisha. Cha Eastlack kimeshikana chenyewe, kwa mapande na madaraja ya mfupa mgongoni, mabegani na mapajani. Alipokuwa mtoto madaktari walimpasua mara kadhaa kujaribu kuondoa mfupa uliozidi, na kila kisu kilileta mfupa mwingine. Alipokaribia kufa aliweza kutikisa midomo tu. Taya lilikuwa limekwisha kushikana na fuvu.

Lake lilifungwa na ugonjwa wenyewe, kama yanavyofungwa mataya ya wengi umri unapokwenda. Lakini yako mataya yaliyofungwa na mkono wa daktari mwenye nia njema, na hayo ndiyo yanayostahili kuelezwa kwa kirefu, kwa sababu yalizuilika.

Mfupa wa taya la juu ni mwembamba na una vitundu vingi. Dawa ya ganzi ikichomwa juujuu kwenye ufizi, karibu na jino, hupenya mfupa na kulifikia. Taya la chini ni gumu na zito, hasa nyuma kwenye magego; dawa ya juujuu haipenyi vizuri. Kwa hiyo madaktari wa meno dunia nzima hufundishwa kupeleka sindano ndani zaidi, sentimita mbili hivi kuelekea nyuma ya taya, mpaka mahali ambapo mshipa wa fahamu unaingia mfupani. Wakiuziba mshipa huo, nusu nzima ya taya hufa ganzi. Ni sindano ya kila siku, na kwa watu wengi haina shida yoyote kubwa. Ila njiani hupita kwenye nyama au kando ya nyama: misuli ya shavu, na msuli wa ndani wa kutafuna. Kwa mgonjwa wa kawaida msuli ukiguswa huuma siku mbili tatu, mdomo unakuwa mzito, kisha yanapita. Kwa mwenye FOP, mguso huo huo ni mwaliko wa mfupa. Taarifa ya kitabibu iliyochapishwa mwaka 1996 ilieleza wagonjwa waliokwenda kutibiwa jino kwa njia ya kawaida kabisa, wakachomwa sindano hiyo, na mdomo ukafungika. Tangu hapo miongozo ya kimataifa ya FOP imekuwa na katazo lisilo na mlango wa nyuma: ganzi ya kuziba mshipa wa taya la chini isitumike.

Sasa jino la chini lililooza litatibiwaje? Hapa ndipo ustadi unapoonekana, na ndipo ninapowaheshimu zaidi madaktari wanaofanya kazi hii. Kwa meno ya juu na ya mbele chini, dawa ya juujuu kwenye ufizi hutosha, ikichomwa polepole na kwa kiasi kidogo. Kwa magego ya chini, sindano nyembamba hupitishwa kwenye mwanya kati ya jino na mfupa wake, mahali penye utando unaolishikilia jino, ambapo hakuna msuli wa kuguswa. Matone machache hutosha jino moja kwa muda mfupi. Si ganzi ya kumstarehesha daktari. Atafanya kazi kwa haraka, jino moja kwa wakati, na pengine kurudia. Hewa ya kutuliza wasiwasi husaidia, hasa kwa mtoto.

Jambo la pili ni mdomo wenyewe kufunguliwa. Mtu mzima wa kawaida huingiza vidole vyake vitatu kati ya meno ya juu na ya chini, milimita 35 hadi 50 hivi. Daktari aliyezoea hupanua mdomo kwa kifaa, akausukuma kidogo ili kioo kipite, na akamwacha mgonjwa ameachama nusu saa. Kwa mwenye FOP kunyoosha huko ni jeraha. Ziara ziwe fupi, mdomo upumzishwe kila baada ya dakika chache, na pasiwepo nguvu ya kulazimisha. Kipimo cha mdomo kinapaswa kuandikwa kila ziara, kwa sababu milimita nne zilizopotea tangu mwezi uliopita ni habari kubwa kuliko tundu lolote kwenye jino.

Taya likianza kuuma na kukaza baada ya matibabu, muda una thamani. Utaratibu unaotumika ni prednisoni, miligramu 2 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, isizidi miligramu 100, kwa siku nne, na ianze ndani ya saa 24 tangu uvimbe ulipojitokeza. Madaktari wengine huitoa mapema, kabla ya kazi ngumu ya meno, kama kinga. Haizuii kila mara. Lakini mgonjwa anayeondoka kliniki bila kuambiwa ni dalili gani imrudishe usiku huo huo, ametibiwa nusu.

Msomaji atauliza kwa nini asipewe nusu kaputi tu, kazi yote ikamalizwa kwa mara moja. Kwa wagonjwa wengine, hasa watoto wenye meno mengi mabovu, ndiyo njia inayochaguliwa, lakini ni njia yenye miiba. Mtu wa nusu kaputi huwekewa mpira wa kupumulia kooni, na kuuweka kwa kawaida kunataka shingo ilazwe nyuma na taya lifunguliwe kwa nguvu. Mwenye FOP shingo yake mara nyingi imekwisha kugeuka nguzo, taya halifunguki, na kifua chake hakitanuki vizuri, kwa kuwa mbavu nazo zimefungwa. Kinachofanyika katika vituo vyenye uzoefu ni kupitisha mpira puani mgonjwa akiwa macho, kwa kuongozwa na kamera nyembamba inayopindika, na mtu wa usingizi aliyewahi kufanya hivyo mara nyingi. Njia hiyo ikishindikana, hata kutoboa koo kwa dharura ni kugumu kwa shingo iliyoinama isiyonyooka. Nusu kaputi kwa mgonjwa huyu si njia ya mkato.

Na mdomo ukishafungika? Hakuna upasuaji wa kuufungua. Madaktari wamejaribu kukata daraja la mfupa linaloshikilia taya, na mfupa umerudi, mara nyingine mkubwa kuliko wa kwanza, kwa sababu kukata kwenyewe ni jeraha. Maisha yanaendelea kwa njia nyingine: chakula kilichosagwa hupita kwenye mwanya kati ya meno au penye pengo la jino lililong'oka, na mswaki mdogo wa mtoto husugua nje ya meno tu, kwani upande wa ulimi haufikiki. Daktari anayetibu jino hapo huingilia upande wa shavu, akitoboa na kuziba kutokea nje. Familia nayo inapaswa kufundishwa la kufanya mgonjwa akitapika, kwa kuwa matapishi hayana njia pana ya kutoka: aelekezwe kichwa chini au ubavu, na njia ya hewa isafishwe haraka.

Ukiyapima yote haya utaona kwa nini wanaolitibu jambo hili hurudia neno moja tangu jino la kwanza linapochomoza: kuzuia. Dawa ya meno yenye floridi, sukari kidogo, kuoshwa meno kila baada ya miezi michache, dawa ya klorheksidini ya kusukutua pale mkono usipofika. Mikono nayo ni tatizo, kwa maana kiwiko kilichofungika hakiupeleki mswaki mdomoni, na suluhisho lake si la kitaalamu hata kidogo: mpini mrefu, uliopindwa kwa moto au kufungwa kijiti. Kuhusu floridi, neno la pembeni. Miongozo mingi iliandikwa kwa nchi ambazo maji yake hayana floridi ya kutosha. Mtoto anayekunywa maji ya kisima Arusha, Manyara au Nakuru pengine tayari anapata floridi kupita kiasi, kama rangi ya kahawia kwenye meno ya majirani zake inavyoshuhudia. Huyo dawa ya meno ya kutemwa inamtosha. Vidonge vya floridi havimhusu.

Yote haya yanadhani kwamba daktari anajua mgonjwa wake ni nani. Mara nyingi hajui. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2005, uliokusanya habari za wagonjwa 138, ulionyesha kwamba asilimia 87 walikuwa wamepewa kwanza jina la ugonjwa mwingine, mara nyingi saratani, na theluthi mbili walikatwa vipande vya nyama kwa uchunguzi usiohitajika. Karibu nusu ya wagonjwa wote 138 walipoteza uwezo wa kudumu wa kiungo fulani kutokana na vitendo hivyo. Kwa kiti cha meno mtego ni uvimbe chini ya taya. Mtoto anakuja, shingo imetuna upande mmoja, mdomo haufunguki vizuri, na mama anaeleza kwamba ulianza jana. Mawazo ya haraka ni jipu la jino, au matubwitubwi. Likiwa jipu, linapasuliwa. Ikiwa ni FOP, kisu hicho kimewasha moto mahali pabaya kabisa, kwa sababu uvimbe wa sehemu hiyo unaweza kuzuia hata kumeza na kupumua. Kinachowatenganisha watoto hawa wawili kinapatikana kwa nusu dakika: "Mama, hebu mvue viatu."

Kanuni ya kutazama mbali na mdomo haikomei kwenye FOP. Maradhi mengine adimu ya mifupa yana alama zake, na kila moja linapindua utaratibu wa meno kwa namna yake. Mtoto mwenye osteojenesisi imperfekta, yule anayevunjika mifupa kwa kuanguka kidogo, anaweza kuwa na samawati kwenye weupe wa macho na meno ya kijivu au kahawia yanayomeguka mapema. Hapo taya hushikwa kwa wepesi wakati wa kung'oa, na daktari huuliza kama mtoto anawekewa dripu za bisfosfonati. Katika osteopetrosisi mfupa ni mnene mno na damu yake ni haba, hivyo tundu la jino lililong'olewa linaweza kugeuka usaha wa taya usioisha kwa miezi. Mwenye displasia ya klaidokrania hana mitulinga au anayo nusu, anaweza kuyakutanisha mabega yake mbele ya kifua, na ndani ya fizi amebeba meno ya ziada, wakati mwingine zaidi ya kumi, yanayozuia ya kawaida kutoka. Huyu, kinyume na mwenye FOP, anahitaji kisu, tena kwa mpango wa miaka. Ndiyo maana siipendi kauli ya jumla kwamba wagonjwa wa mifupa waogopwe kitini. Wa FOP asiguswe msuli; wa klaidokrania akiachwa bila kuguswa ndiye anayedhurika.

Upo pia ugonjwa ambao daktari wa meno huugundua kabla ya wengine wote. Katika haipofosfatasia, jino la utoto hudondoka kabla ya miaka mitano likiwa na mzizi wake mzima, halijaoza, bila damu nyingi. Jino la kawaida hutoka mzizi ukiwa umeliwa. Mzazi aliyelileta jino hilo kwenye kikaratasi ameleta kipimo, na daktari akilitazama vizuri, kipimo cha damu kinachofuata ni cha kimeng'enya kiitwacho alkalini fosfatasi. Dawa ya kimeng'enya hicho ipo tangu mwaka 2015.

Kwa FOP dawa zimechelewa zaidi. Ya kwanza, palovaroteni, iliidhinishwa Kanada mwaka 2022 na Marekani mwaka 2023. Hupunguza mfupa mpya. Haiondoi uliokwisha kuota, na kwa kuwa inaweza kusimamisha urefu wa mtoto, haitolewi kwa wasichana walio chini ya miaka 8 wala wavulana walio chini ya miaka 10. Hakuna kitu ndani yake kinachobadilisha katazo la sindano ya taya.

Sensa ya Tanzania ya mwaka 2022 ilihesabu watu milioni 61.7, na ya Kenya ya mwaka 2019 milioni 47.6. Kwa uwiano ule wa mmoja katika milioni moja au mbili, nchi hizi mbili zingekuwa na wagonjwa wa FOP kati ya 50 na 110. Ni wachache kiasi kwamba daktari wa wilaya anaweza kustaafu bila kumwona hata mmoja, na ni wengi kiasi kwamba wapo, wanakwenda kliniki, wanaumwa meno. Hatari yao haianzii kwa daktari wa meno. Chanjo ya wiki ya 6, ya 10 na ya 14 huchomwa kwenye msuli wa paja, na mwaka 1995 ilikwisha kuripotiwa kwamba sindano za namna hiyo ziliotesha mfupa kwa watoto wenye FOP. Hiyo si sababu ya mzazi yeyote kukimbia chanjo. Ni sababu ya mkunga anayehesabu vidole vya mtoto mchanga kuvitazama pia vimekaaje, ili huyo mmoja apelekwe kwa bingwa na apangiwe chanjo zinazoweza kuchomwa chini ya ngozi. Watoto wengine hujeruhiwa mdomoni hata kabla ya kuota meno, na wang'oaji wa kienyeji wanaochokonoa fizi za wachanga kutafuta "meno ya plastiki". Jeraha hilo halimfai mtoto yeyote, sembuse huyu.

Kwa mgonjwa aliyekwisha kujulikana, kazi inayobaki ni ya kalamu. Hospitali zetu hubadilisha madaktari, mgonjwa hubadilisha mji, na jino huuma usiku wa sikukuu wakati aliyepo zamu ni tabibu wa meno kijana anayemwona kwa mara ya kwanza. Kwenye kadi yake, juu kabisa, kwa herufi kubwa, paandikwe: FOP, asichomwe sindano ya msuli, asipigwe ganzi ya kuziba mshipa wa taya la chini, asilazimishwe kufungua mdomo, uvimbe usikatwe. Chini yake, namba ya simu ya daktari anayemfuatilia, uzito wake wa karibuni ili prednisoni ihesabiwe bila kubahatisha, na milimita za mdomo wake pamoja na tarehe ya kipimo.